Doa

Debrecen, Februari. Theluji imeziba dirisha la maabara.
Boglárka amembana kifaranga kwapani,
anamdunga rangi ya buluu kwenye mshipa wa bawa,
kisha tapentaini, tone moja, chini ya ngozi.

Tunangoja.

Mshipa ukichokozwa huvujisha siri:
doa lachomoza mgongoni, dogo kama dengu,
linatanuka, linakolea,
hadi nalisoma kwa rula. Milimita kumi na moja.

Naandika kumi na moja.
Daftari halina safu ya moyo ule
unaopwita kiganjani mithili ya saa iliyorogwa,
wala ya Boglárka, anayemwomba radhi
kwa sauti ya chini, akidhani sisikii.

Jioni vidole vyangu bado ni buluu.
Nanawa. Nanawa tena.