Mabomba Kumi na Manne

Niliyafunga mimi, yote kumi na manne,
kwa mkono huu wenye kidole kilichopinda,
mwezi wa Ramadhani, mkahawa ukiwa bado kifusi na saruji,
nikiingilia mlango wa nyuma pamoja na samaki na mkaa.

Leo nimeingilia wa mbele.
Fausto amenilipa salio langu, miezi kumi na mmoja baadaye,
na nimeamua noti zake zirudi kwao kulala.
Nimevaa shati la harusi ya shemeji.
Mbodze amevaa viatu vinavyombana
na anakana kwamba vinambana.

Menyu anaisoma kama tulivyosomeshwa chuoni,
kuanzia kulia:
bei kwanza, chakula baadaye.

Mhudumu ni Nyamweya, jina liko kifuani.
Anayaita mabomba kama mwalimu na daftari la mahudhurio:
hii ya ngano, hii nyeusi, hii ya tangawizi,
hii chungu kidogo, hii chungu hasa,
hii ya embe
(ya embe! Mbodze ananikanyaga chini ya meza),
na ile ya mwisho, ya ng'ambo, bei yake huulizwa kwa sauti ya chini.
Anatuletea vigilasi sita juu ya ubao, tuonje kabla ya kuchagua.

Sasa, Mbodze ni binti wa mgema.
Alikulia Ganda, akimtazama babake alfajiri,
kibuyu kiunoni, akiukwea mnazi
kama mtu aliyeitwa huko juu kwa shauri fupi.
Anaonja cha kwanza. Anatafuna midomo.
"Hii," asema, "imesifiwa."
Nyamweya anashukuru.
Mimi povu linaniingia puani.

Kamba wanakuja, wamelala juu ya wali, macho yao yakituuliza.
"Na maji," asema Mbodze.
"Yapo ya chupa, mama. Mia mbili na hamsini."
"Ya bomba je?"
Nyamweya anageuka, anayatazama mabomba yangu,
shaba tupu, yanang'aa mstari mzima,
anayatazama la kwanza hadi la mwisho
kama ambaye huenda amesahau moja.
"Hayo hatuna."

Halafu nikalisikia. La tisa.
Tone.
Tone.
Watu walikuwa wanacheka, muziki ulikuwa juu,
lakini fundi husikia alichokiacha.
Ni ile washa. Niliwaambia ile washa ni ya mchezo, nunueni nyingine,
wakasema wewe funga tu.
Nikainuka nusu, mkono tayari umeshika spana isiyokuwepo.
Nyamweya akanigusa bega.
"Keti, mzee. Leo wewe ni mgeni."

Nikaketi.
Sijawahi kuambiwa keti katika nyumba ile.
Nikala kamba wangu nikihesabu matone,
nikafika mia na kitu, nikapotewa na hesabu
Mbodze aliponiomba vidole vyake vya kamba nimvunjie.

Maweni tulifika saa tano.
Alivua viatu mlangoni, akavitazama vibaya, akanyamaza.
Kwa mazoea tu akaenda jikoni, akafungua mfereji.
Ukakohoa. Ukavuta pumzi ndefu.
Basi.
"Na huu pia uliufunga wewe?"
"Mimi."
Akainama, akapitisha kidole chini ya mdomo wake, mkavu,
akanionyesha kile kidole kwenye mwanga wa simu.
"Huu uliufunga vizuri," akasema.
"Hauvuji hata tone."