Daftari la Sufu

Jumanne, kilo kumi na mbili. Kondoo wa Mulumemunene.
Sufu imeshuka Kadutu ndani ya gunia la saruji
na miiba yake, na mavi yake, na mvua ya huko juu.
Nikiiosha zitabaki saba.
Hilo ndilo la kwanza nililofundishwa hapa:
usilipie maji, usilipie matope.
Utalipia tu.

Mtambo una herufi za chuma ubavuni: VERVIERS.
Masista walipoondoka walituachia funguo mbili
na deni la umeme.
Zihalirwa alikuwa kijana wa kuzoa vumbi chini yake.
Leo ana miaka sitini na tisa, masikio yameliwa,
tak-tara, tak-tara, yote mawili,
kwa hiyo anasoma midomo.
Ukitaka kumsengenya funika kinywa.
Lakini umeme ukirudi ndiye wa kwanza kujua:
anavua kiatu, anaweka wayo juu ya ubao,
anainua kidole,
nasi tunangoja, na balbu inawaka.

Nsimire anachambua. M'Cibalonza anasokota na kukohoa.
Nyuma ya nyumba, pale korongo linapokula ua wetu
hatua moja kila masika,
sufuria inachemka maganda ya kwinini
mpaka maji yawe mekundu kama njia ya Panzi.
Mikono yangu pia. Kanisani naificha.

Sokoni:
— Mama, hii blanketi inanuka kondoo.
— Ni kondoo.
— Ile ya Nyawera hainuke kitu. Na iko na picha ya simba.
Ile ya Nyawera dola nane. Yetu ishirini na sita.
Naandika: *hakununua.*
Nina kurasa nne za watu ambao hawakununua,
tarehe, mtaa, maneno yao.
Mume wangu anasema hiyo si hesabu.
Hajui mimi huzisoma usiku kuliko zile nyingine.

Mwezi wa saba akaja Bwana Mushengezi, mwenye boti.
Blanketi thelathini, kwa abiria wa usiku kwenda Goma.
Akalipa nusu, noti mpya, nikazinusa.
Siku ya tatu umeme ukakatika,
ukakaa huko ulikokwenda siku tisa.
Tukavua mkanda wa mota.
Watu wawili kwenye gurudumu, zamu kwa zamu,
Zihalirwa katikati na taa ya petroli,
kiganja kwenye mbao akihesabu mshindio kwa ngozi,
akitukemea kwa sauti ya kiziwi, kubwa mno:
Polepole! Mnavuta mtande kama mkia wa ng'ombe!
Majirani walidhani tunapigana.
Usiku wa tano rangi ikaisha. Akaendelea na nyeupe.

Ishirini na moja. Hazikufika thelathini.
Mushengezi alizihesabu mara mbili,
akakunjua moja, akaona mstari mweupe.
— Hii kosa ni nini?
Zihalirwa alikuwa anatazama midomo yake.
— Si kosa. Ni Alhamisi.
Mushengezi akapunguza dola mbili kwa ajili ya Alhamisi.

Nikalipa sufu, petroli, dawa ya kifua ya M'Cibalonza,
kidogo cha deni la masista.
Zikabaki dola kumi na moja na faranga za kuvukia barabara.

Mwezi wa tisa nilipanda boti ile, kwenda kuzika shangazi.
Watu wamelala juu ya mizigo, injini inanguruma,
na pale, juu ya magoti ya mwanamke mwenye debe la samaki,
nikauona mstari wangu mweupe.
Nikasogea. Nilitaka kumwambia.
Akajikuna shingo, akamwambia mwenzake:
— Hii kitu inawasha! Na inanuka!
Akaitupa miguuni.

Tarehe ninayo. Kalamu ninayo.
Karibu na Idjwi upepo ukaingia kutoka upande wa giza.
Bila kufumbua macho
akainama, akaivuta mpaka masikioni.
Sikujua niandike ukurasa gani.