Uti

Kibaigwa, msimu wa alizeti. Malori yamejipanga
hadi mlangoni kwa duka langu la dawa,
vumbi limekaa juu ya kioo kama mteja asiyenunua.
Sechelela aliingia ameshika kiuno.
Mkojo unachoma, alisema, leo siku ya tatu.
Nikaandika kwenye bahasha herufi tatu,
U, T, I,
nikamhesabia Septrini: mbili asubuhi, mbili jioni, siku tano.
Nikamrudishia chenji. Nikamwambia anywe maji mengi.

Sikumuuliza.
Swali lenyewe halizidi pumzi moja:
mwezi wako uliuona lini?

Alirudi baada ya wiki nne na kadi ya kliniki,
anacheka, anataka kitu cha kuzuia kutapika.
Tarehe niliisoma nimeshikilia kaunta.
Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa kalamu,
na kila hesabu ilitua palepale:
siku zile tano, mtoto alikuwa anafunga uti wa mgongo
kama wapakiaji wetu wanavyofunga mdomo wa gunia,
mshono kwa mshono,
na uzi wake unaitwa foliki,
na dawa yangu huuvuta uzi huo.

Isome kwa Kiswahili ile bahasha.

Nilimwambia. Ningeweza kunyamaza.
Nikafunga duka saa nne, siku ya mnada,
tukapanda bodaboda moja hadi kituo cha afya.
Muuguzi Mbeleje hakunifokea; afadhali angefoka.
Wengi huzaliwa wazima, alisema. Hatari ipo, ndogo, lakini ipo.
Na angeachwa bila dawa,
ule moto ungepanda figo, mimba ingeweza kutoka kabla ya siku zake.
Zipo dawa tulizozizoea kwa wajawazito.
Ilikuwa kuuliza tu.
Akampa vidonge vya foliki,
ingawa mshono ulishafungwa, au haukufungwa,
akamwandikia kipimo cha picha, Dodoma mjini, wiki ya ishirini.

Njiani Sechelela alikaa kimya hadi kwenye mizani ya mahindi.
Kisha: "Hiyo picha tunaiendea wote.
Nauli yako."

Zimebaki wiki nne.

Siku hizi namuuliza kila anayeingia.
Jana bibi mmoja wa Pandambili alikuja na kikohozi,
mkono ukaandika, mdomo ukauliza wenyewe:
mwezi uliuona lini?
Akacheka mpaka kikohozi kikamrudia.
"Mwanangu, jana usiku. Ulikuwa juu ya paa la kanisa."

Nikaandika.