Taa ya Chini ya Mtutu

Bunduki ni ya Orrin, ya kuwindia bata,
mtutu mrefu kama mwaka wa ukame.
Nimeilaza kwenye meza ya jikoni
juu ya taulo tulilopewa na dada yake,
lile lenye majogoo, ambalo sijawahi kulipenda.
Nikatafuta bisibisi. Nikavaa miwani.

Kwa akina Tveit walivunja mlango wa nyuma,
wakachukua betri za trekta, vidonge vya mgongo vya Solveig,
na nusu ya keki. Keki!
Wakaacha uma kwenye sinki.
Kutoka kwetu hadi kwa askari wa kaunti ni maili arobaini,
na Montana, ikifika Januari,
theluji hufunga barabara bila kumwomba mtu ruhusa.

Kijana wa dukani, Kessler, ana ndevu na adabu.
Akaniuliza, "Mama, mkono wako una urefu gani?"
Hata aliyenishonea gauni la harusi hakuniuliza hivyo.
Akanipima kutoka kiwiko hadi kidole,
akanipa kitako kifupi, cheusi, cha plastiki,
mpira wa kupokea teke la bunduki,
mtutu mfupi ("lakini wa kisheria; msumeno wako uache ghalani"),
na taa ndogo kama kizibo, ya kufunga chini ya mtutu.
"Taa ndiyo kila kitu," akasema.
"Usifyatue usichokijua."
Nilidhani ananiuzia taa tu.

Kitako cha zamani kilikuwa cha mti wa jozi.
Pale shavu la Orrin lilipolala
vuli arobaini na moja
mbao imelainika, inang'aa kama kizingiti.
Skrubu ililia mara moja, ikanyamaza.
Kitako nikakificha kwenye droo ya vitambaa vya meza.
Sikumwambia.
Alikuwa sebuleni, anatazama utabiri wa hali ya hewa
wa jimbo tusiloishi.

Sasa ni fupi. Inapita kwenye korido
bila kugusa picha za wajukuu.
Nilifanya mazoezi, tupu, nikiwa na soksi:
kitandani, mlangoni, kona ya kabati,
kona ya kabati tena, maana pale goti hunisaliti.
Kra-krak.
Wanasema mlio ule peke yake humtoa mwizi mbio.

Usiku wa tarehe tisa, saa nane na ushei,
kitu kikaanguka jikoni.

Sikupapasa upande wa pili wa kitanda.
Hilo ndilo ninalolirudia
nikiosha vyombo, nikiendesha gari, kanisani.
Sikupapasa.

Nikatembea nilivyojifunza.
Kitandani. Mlangoni. Kona ya kabati.
Kra-krak.
Mtu hakukimbia.
Wanasema hukimbia.
Kidole kikiwa nje ya kifyatulio (nje, namshukuru Mungu, nje)
nikawasha taa.

Orrin.
Kifungo cha pajama kwenye tundu lisilo lake,
viatu vya theluji miguuni,
sufuria chini, shayiri imetapakaa hadi chini ya friji.
Akaikinga nuru kwa kiganja,
akajivuta wima mbele ya mlango wa chumba chetu cha kulia,
mzee wa miaka sabini na tisa, mikono mitupu.
"Samahani, mama," akasema,
"wenye nyumba wamelala. Unataka nini?"

Nilitafuta sauti yangu, nikaikuta mbali.
"Sitaki kitu. Napita tu."

Akafikiri.
"Basi kaa," akasema. "Nje kuna baridi. Napika uji."

Nikakaa. Nikala uji uliopikwa kwa maji ya bomba la moto,
bila chumvi,
na bunduki chini ya kiti kama mbwa aliyekaripiwa.

Sasa bunduki iko kwenye sefu la Tveit
na risasi ziko kwa mchungaji,
watu wawili wasiosalimiana.
Taa nimeifungia ukutani, kwenye korido,
inamulika njia ya chooni.
Mlango wa nyuma una komeo jipya, na kengele ya ng'ombe.

Jumapili nilimtuma kitambaa cha meza.
Akachelewa. Nikamfuata.
Alikuwa amesimama mbele ya droo,
kile kitako cha jozi begani,
shavu pale pale,
jicho la kushoto limefumba.