Kama Hunioni Kiooni

Siku ya kuhama huanza na choo.
Hakuna aliyetuambia hilo
tulipouza nyumba ya Duluth, na ghala, na kinanda cha mama yake:
kwamba uhuru una bomba la plastiki linalonuka
na glavu za mpira,
na Anselm kapiga magoti kwenye changarawe,
anasikiliza tangi likikohoa hadi tone la mwisho.

Mimi niko ndani, naifunga dunia.
Vikombe kwenye soksi. Sufuria juu ya taulo.
Mlango wa friji kwa kitanzi cha kamba,
maana tangu siku ile ya mayai, kule Wyoming,
hatumwamini tena mlango yeyote.
Otis, paka, hujipeleka mwenyewe mvunguni.
Yeye ndiye hujua wa kwanza.

Leo usukani ni wangu.
Daktari wa Elko alimmulika macho,
akasema polepole, kama anayemwambia mtoto sherehe imekwisha,
kwamba ukungu ule si wa kioo cha gari.
Miaka kumi na mmoja nilikaa kulia, ramani mapajani,
nikikanyaga breki isiyokuwepo.
Leo anaikanyaga yeye.

Nevada haina haraka.
Barabara inashuka bondeni, inapanda mlima,
inashuka bonde lile lile, ungeapa.
Upepo unatupiga ubavuni, nyumba nzima inapepesuka,
vijiko vinatucheka ndani ya droo.
"Usizidi maili hamsini."
"Najua."
"Kuna lori nyuma."
"Nimeliona."
Baada ya hapo hasemi kitu,
na kimya chake ni kizito kuliko lori.

Kambi ya kwanza imejaa,
mzee mwenye kofia ya besiboli anatikisa kichwa hata hatujasimama.
Ya pili ni lango, mnyororo,
na kibao cha kuuza ardhi kilichotobolewa kwa risasi.
Jua limeanza kuokota vitu vyake.
Dizeli robo tangi.
Tuna njaa za aina mbili, mimi na yeye,
na ni moja tu inayoponywa kwa chakula.

Saa kumi na mbili kasorobo. Njia ya vumbi.
Ng'ombe watatu weusi wanatukagua kama maofisa wa forodha,
kisha bwawa dogo, mierebi,
namba saba, tupu!
Malipo ni kisanduku cha chuma na bahasha:
dola kumi na mbili, na imani.

Sasa kurudi nyuma.
Hapa ndipo majirani hugeuza viti vyao
waone ndoa ya watu inavyokwenda.
Sheria aliitunga yeye mwenyewe, mwaka wa kwanza,
mimi nikisimama nyuma na kupunga mikono kama mfukuza nyuki:
kama hunioni kiooni, sikuoni; simama.
Namtafuta kiooni. Hayupo.
Nasimama.

Moyo unanidunda. Halafu nasikia
ngo, kwenye bati la nyuma, mara moja.
Njoo.
Anapapasa kwa mkono mmoja: gogo la mrebi,
nguzo ya bomba, jiwe ambalo mimi sikuliona;
kwa mkono wa pili anaigonga nyumba yetu
kama mtu anayebisha hodi kwake mwenyewe.
Ngo. Njoo. Ngo. Njoo bado.
Ngo-ngo.

Vibao viwili chini ya gurudumu la kushoto.
Yai juu ya meza: linatetema, linawaza, linatulia.
Tumefika.

Maji ya bomba yana ladha ya msumari.
Tunakula mkate na dengu za kopo,
Otis katoka mvunguni, ananusa Nevada kwenye viatu vyetu.
"Dirisha linatazama nini?"
Namwambia: bwawa. Mierebi. Mwanga kidogo, wa zambarau.
Ng'ombe.
"Wangapi?"
"Watatu."
Anainua kijiko, kimya, anasikiliza.
"Wanne," anasema. "Mmoja anakohoa nyuma ya choo."