Gramu Mia Tisa na Arobaini

Hospitali ya Narini, majira ya makaa kupimwa kwa ndoo,
mimi nilikuwa karani wa daftari la uzazi.
Kalamu niliibana kwapani
wino usigande.

Sheria ya zamani ilikuwa fupi, nikaihifadhi:
aliye chini ya gramu elfu,
akifa siku saba hazijatimia,
hakuzaliwa.
Usiseme amekufa. Hakuzaliwa.
Andika: mimba imeharibika.
Piga mstari kwa rula, funua ukurasa.

Nurjamali aliteremka kutoka malishoni juu ya lori la sufu,
uchungu umemshika miezi mitatu kabla ya wakati.
Mkunga Burulkani akamlaza mtoto kwenye mizani ya bati,
akangoja mshale utulie.
Mia tisa na arobaini.
Akaniangalia. Nami nikaangalia dirisha.

Mtoto alilia.
Sauti ya paka aliyefungiwa stoo,
lakini alilia.
Tukamzungushia pamba, chupa za maji moto ubavuni,
na babaye akavua kofia yake ndefu ya sufu,
akasema, humu atatosha.
Akatosha.
Wakamwita Temirbeki, jina lenye chuma ndani yake,
maana jina nalo ni dawa
pale dawa isipofika.

Siku ya kwanza. Siku ya pili.
Siku ya nne alimeza matone sita ya maziwa,
Burulkani akayahesabu kwa sauti, kama mtu apokeaye mahari.
Siku ya sita usiku umeme ulikatika,
chupa zikapoa moja moja,
tukazibadilisha, zikapoa,
tukambandika kifuani pa mamaye.
Alfajiri nilitazama saa ya ukutani, nikapiga hesabu
niliyofundishwa kuipiga:
zilibaki saa nane
awe mtu.

Baba aliomba karatasi.
Karatasi ya nini?
Ya kuzaliwa, akasema, au ya kufa,
yoyote mliyo nayo.
Nikamwambia hatuna.
Akatoka kwenye theluji kichwa wazi,
kofia mikononi,
kaishika kama bado ina kitu.

Cheti kilikuja mwaka ule, ila kilikuwa cha mkoa:
vifo vya wachanga vimeshuka, afya ya taifa inapanda.
Kikatundikwa juu ya jiko la makaa.
Miaka miwili, moshi ukakifanya rangi ya chai.

Kisha sheria ikabadilika.
Aliyevuta pumzi hata moja,
ambaye moyo wake ulidunda, au kitovu kilipwita
hata kama ni mara moja tu,
amezaliwa, mwandike.
Nikaandika. Mstari kwenye chati ukapanda
kama mbuzi kwenye jabali.
Akaja mgeni kutoka makao makuu, viatu vyake havijui matope,
akagonga chati kwa kidole:
kwa kila elfu, mbona wengi hivi? Nchi imeugua lini?

Nilitaka kumkumbusha yule mficha maradhi
na kilichokuja kumuumbua.
Nikamfungulia daftari tu.
Elfu, nikamwambia, ilikuwa kizingiti mara mbili:
gramu elfu ndipo uingie,
na wenzio elfu ndipo tugawanye.
Walioachwa mlangoni
hawakuharibu hesabu ya mtu.
Akasoma kurasa tatu, akaomba maji.

Baada ya hapo zilikuja mashine mbili za kutunzia joto,
na jenereta.
Sheria mpya haikurudi nyuma
kumchukua Temirbeki.

Sasa nimestaafu.
Dukani wakinipa mkate, mkono wangu hujua kabla ya mizani:
huu mia nane, huu una maji mengi.
Juzi niliushika mmoja, nikasimama nao.
Foleni nyuma yangu ikaanza kukohoa.
Bibi, akauliza muuzaji, una kasoro?
Nikaufunika kwa ncha ya shali.
Hauna, nikasema.
Umetimia.