Sababu ya Safari

Banteilang, leo nimeandika barua ya mwaliko
mara ya nne.
Ya kwanza ilikuwa na "nakupenda" mstari wa pili.
Bi. Devenney, anayetoa ushauri wa bure pale maktaba,
aliligonga neno kwa kalamu kama anaua mdudu:
Hili litakuponza. Afisa akilisoma
atamwona mtu asiyerudi kwao.

Nikalitoa. Nikaweka
"tunafahamiana tangu mwezi wa Mei mwaka juzi."

Mimi, Sorcha, mzaliwa na mkazi wa Killybegs,
natakiwa nithibitishe mambo mawili,
na moja linamla mwenzake:
kwamba unanijali kiasi cha kuvuka nusu ya dunia
kwa fedha ya miezi saba ya magitaa unayoyatengeneza,
na kwamba hunijali kiasi cha kulala
usiku mmoja wa ziada.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Nimekohoa kidogo tu, kwa adabu,
ukurasa wa tatu, penye "maelezo mengine".

Taarifa ya benki nimeambatisha.
Mshahara wa kiwanda cha samaki, petroli,
petroli, dawa za mama, petroli.
Mgeni akiisoma atajua nakula nini
na wiki ipi sikula.
Wewe mwenyewe hujaniona uchi namna hiyo.

Bili ya umeme. Picha ya kitanda cha ziada
(Bi. Devenney amesisitiza kitanda cha ziada).
Nimekipiga picha na nguo zake zisizokunjwa.

Kisha picha zetu. Angalau sita, nyuso zionekane.
Tunazo tatu.
Moja ni kidole changu.
Moja ni harusi ya binamu yako, Shillong, mvua inamwagika,
mwavuli umekumeza hadi kidevuni,
nami nacheka na mtu aliyekatwa na ukingo.
Ya tatu ni nzuri, ila umelala, ndani ya basi,
mdomo wazi, kichwa begani pangu.
Nani alijua tulipaswa kupendana kwa ushahidi?

Na huko kwako wanataka barua ya mwajiri.
Mwajiri ni wewe. Umejiombea likizo,
ukajikubalia, ukajigongea muhuri.
Wanataka nyumba iliyo kwa jina lako,
na kwenu nyumba ni ya binti wa mwisho,
kwa hiyo huna kitu,
kwa hiyo huna kamba ya kukurudisha.
Nani atamweleza afisa
kwamba dada yako mdogo ndiye kamba yenyewe,
na anavuta?

Mahali utakapotembelea: lazima pawe na orodha.
Nimeandika mnara wa taa. Nimeandika majabali ya Slieve League,
ambayo siku nyingi ni ukungu mtupu.
Bi. Devenney akavua miwani:
Mtu wa Meghalaya aje huku kutazama mvua?
Tukacheka hadi mkutubi akatukanya.

Sikuandika bomba la jikoni, linalodondoka tangu Februari;
nimemkatalia fundi mara mbili
kwa sababu ulisema utalitazama.
Sikuandika kwamba nataka nikuone
ukipapasa ukuta gizani kutafuta swichi,
usiku wa kwanza ukiikosa,
ukimgusa mtakatifu wa mama badala yake,
usiku wa kumi mkono ukienda wenyewe.

Bahasha nimeipima kwenye mizani ya unga.
Gramu mia tatu na kumi.

Fomu yako imefika jana kwa barua pepe, niikague.
Jina sawa. Pasipoti sawa.
Kwenye "sababu ya safari" kuna visanduku vitano,
nawe umetia alama kwenye "utalii",
lakini mkia wa alama umetoka nje,
umeshuka ukingoni, karibu na pasipoandikwa kitu.

Bi. Devenney angesema irudiwe.
Nimeichapisha hivyo hivyo.